Mashine Haipimwi Ikiwa Baridi

Kila siku alipotoka shuleni, binti huyo wa darasa la saba alifanya kazi zilezile kwa mpangilio uleule. Alivua sare na kuitundika msumarini, akafagia varanda, akachota ndoo mbili za maji katika bomba la uani, kisha akampelekea babu yake chai. Mama yake alifua mashuka hospitalini, na jioni alirudi miguu imemvimba, akaketi kitini bila kuvua viatu. Katika nyumba ile kila mtu alichoka kwa zamu yake, wala hakuna aliyelalamika, maana kulalamika nako kulihitaji nguvu.

Shuleni walimwita Injinia. Jina hilo alilipata siku alipoifufua printa ya mwalimu mkuu, ingawa alichokifanya ni kuchomoa tu kipande cha karatasi kilichokuwa kimekwama. Jina likakua kuliko kazi. Mwenye simu iliyogoma alimletea yeye, na mwenye swali kuhusu kompyuta alimuuliza yeye. Naye hakuwahi kujibu kwamba hajui.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mama mmoja, fundi cherehani, pamoja na mwanawe, ambaye alisoma darasa moja na Injinia. Mvulana huyo alikuwa amevunjika mguu, na wiki ile ilikuwa ya tano akiwa amelala na plasta nzito, hata wenzake wakambandika jina la Kobe. Mashine yake ya michezo, ile ya kuunganishwa na televisheni, ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Diski zilisalia. Ukutani, kando ya kitanda, kaka yake alikuwa ameandika kwa penseli muda wake mwenyewe ulio bora katika mchezo wa mashindano ya magari, kabla hajaondoka kwenda kufanya kazi mbali. Kobe aliutazama muda huo asubuhi hadi jioni, wala hakuwa na pa kuushindia.

Ndipo muuza vifaa vilivyotumika alipomwambia fundi cherehani kwamba anayo kompyuta mpakato ya bei ya chini. Alieleza kuwa ndani yake angeweka programu inayoiga ile mashine iliyoungua, na diski za mtoto zingechezeka kama zamani. Kwa kubadilishana alitaka cherehani ya pili ya fundi, ile aliyoitumia kila kazi zilipomzidi. Mabadilishano yangefanyika Jumamosi asubuhi. Mama yule alijua nguo, hakujua kompyuta. Akamwomba Injinia aende akaitazame, na akamwambia wazi kwamba atakalolisema ndilo atakalolifuata.

Alhamisi, baada ya masomo, Injinia alikwenda dukani, na wenzake watatu wakamfuata. Muuzaji alikuwa amekwisha kuinakili diski ya magari ya Kobe ndani ya kompyuta hiyo. Mchezo ulipofunguka, pembeni mwa kioo ilionekana namba inayohesabu picha zinazopita kila sekunde. Namba ikisoma sitini, mchezo unakwenda kama inavyostahili. Ilisoma sitini. Gari likapiga kona, wenzake wakapiga makofi, wakamvika kilemba cha ukoka kwa sifa ambazo hakuzikataa.

Dakika chache baadaye aliingia katika njia ya mvua, sehemu ya mchezo iliyo nzito kuliko zote. Feni ikaanza kuvuma. Chini ya kiganja chake kompyuta ilikuwa imepata joto kama kikombe cha chai, sauti ya injini za magari ikashikwa na kwikwi, na namba ikashuka hadi arobaini na moja. Aliiona. Wenzake, waliokuwa wakigombania zamu, hawakuiona. Siku hiyo alikuwa ameamka mapema, alikuwa amefanya majaribio mawili ya hesabu, na kichwa kilimuuma. Aliufunga mchezo.

"Vipi, Injinia, inaweza?" mmoja akauliza.

"Inaweza," akajibu.

Fundi cherehani alipopelekewa habari hizo, alimshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa unyenyekevu uliomtia Injinia haya. Alianza papo hapo kuitia mafuta cherehani ya pili na kuifuta vumbi, ili isiondoke chafu.

Kesho yake, Ijumaa, binti alimpelekea babu yake chai kama kawaida. Mzee huyo alikuwa ameendesha injini ya kinu cha kusagia nafaka kwa miaka thelathini na mitatu, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alimuuliza kuhusu kompyuta ya Kobe, kwa kuwa habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Mjukuu akaeleza mambo ya picha sitini kwa sekunde, akaeleza na mbio za magari. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Uliiendesha kwa muda gani?"

"Kama dakika ishirini hivi, babu."

"Ilikuwa imepata joto?"

Binti akakitazama kiganja chake. Mzee akaweka kikombe chini.

"Sisi kinuni, fundi akitengeneza injini, hatukuipokea mpaka imezunguka saa nzima ikiwa na mzigo," alisema. "Injini ikiwa baridi, kila injini ni nzima. Ikipata joto ndipo inasema ukweli. Sasa nakuuliza wewe, si kompyuta. Ilisema nini?"

Roho ilimsuta. Alimweleza babu yake kila kitu, ile arobaini na moja, ile kwikwi, na jinsi alivyoufunga mchezo. Alitarajia kukaripiwa. Mzee hakumkaripia. Alivaa viatu vyake polepole, akachukua fimbo yake na kusema kuwa yeye atatembea tu, kusema atasema mwenyewe aliyesema mwanzo.

Njia ya nyumba tatu ilikuwa ndefu siku hiyo. Walimkuta fundi cherehani ameinama juu ya rundo la sare za watu, macho yamemwiva kwa usingizi.

"Shikamoo, mama. Nilikuambia inaweza," binti alisema. "Sikuipima vizuri. Ilianza kushindwa nikaiona, nikanyamaza."

Mama yule aliitazama cherehani iliyong'aa kwa mafuta, kisha akaketi. "Marahaba, mwanangu. Mimi hata nguvu ya kukasirika sina," alisema. "Lakini bora umekuja leo. Kesho ungenikuta nimebaki na moja."

Kutoka chumba cha ndani Kobe akauliza kama hiyo maana yake hakuna kompyuta. Injinia akamjibu kupitia mlangoni kwamba maana yake ni kwamba hajui bado. Lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Walikwenda dukani wote watatu. Muuzaji alinung'unika, akasema kompyuta si ng'ombe wa kutazamwa meno, lakini alipoona mzee amekwisha kuvuta kigoda na kuketi, aliwasha mashine. Injinia alifungua daftari. Aliliweka gari katika njia ya mvua na kuendesha bila kusimama, na kila baada ya dakika tano aliandika namba. Sitini. Sitini. Hamsini na mbili. Arobaini na moja. Dakika ya thelathini ilisoma ishirini na tisa, na gari likaenda kama linavutwa kwa kamba. Alipunguza ukubwa wa picha, namba ikapanda kidogo, kisha ikashuka tena. Akajaribu mchezo wa mashine ya zamani zaidi, nao ukaenda sitini bila kutetereka, ila haukuwa mchezo wa Kobe. Macho yalimwasha na vidole vikafa ganzi. Fundi cherehani alisinzia akiwa ameegemea kabati. Babu hakusinzia.

Saa ilipotimia, binti alimgeukia muuzaji. "Michezo ya zamani inaiweza," alisema. "Huu wa Kobe haiuwezi."

Muuzaji alilichukua daftari, akalisoma mstari kwa mstari, akajikuna kidevu. Alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuujaribu zaidi ya dakika tano. Kisha akasema ipo kompyuta ya mezani huko nyuma, kubwa na yenye sura mbaya, ambayo watu wameikataa kwa kuwa haibebeki.

"Na Kobe anaibeba kwenda wapi?" babu akauliza.

Fundi cherehani, ambaye walidhani amelala, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akafumbua macho na kusema kwamba, kwa kitu kilichokataliwa na kila mtu, hatoi cherehani. Atamshonea muuzaji mapazia ya duka zima, na cherehani zote mbili zitamsaidia kuyamaliza upesi. Muuzaji aliyatazama mapazia yake yaliyochanika, akakubali.

Lakini Injinia alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya. Ile kubwa nayo ilitiwa mchezo uleule, ikaendeshwa saa nzima, katika njia ileile ya mvua, na namba ikasoma sitini tangu mwanzo hadi mwisho.

Usiku ulipokaribia walirudi nyumbani, muuzaji akiwa amewaahidi kuileta kwa mkokoteni kesho yake. Babu na mjukuu walitembea nyuma, kwa kuwa mmoja alikuwa mzee na mwingine amechoka.

"Watu hawakuomba uwe hodari," babu alisema. "Waliomba ukweli, wapate kuutegemea kabla ya kutoa mali yao. Asiyejua akisema sijui, hajapoteza kitu. Anayejua akanyamaza, hupoteza mali ya mwenzake. Leo umechoka, nami nimechoka, lakini uchovu huu utalala nao vizuri."

Jumamosi kompyuta ile iliwekwa kando ya kitanda, chini ya muda ulioandikwa kwa penseli. Kobe alishika kidhibiti cha mchezo, akamtazama Injinia, na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kweli inaweza.

Injinia akavuta kigoda, akaketi, akatazama saa ya ukutani.

"Niulize baada ya saa moja," alisema.