Makoja ya Watani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vilimaina alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja, nayo aliifanya huku akiimba. Ya pili ilikuwa kugeuza magome ya mti wa mtakawa yaliyolowekwa kwenye maji ya pwani ili yalainike na kutoa nyuzi. Hiyo aliifanya huku amebana pua, maana gome lililokaa majini hunuka vibaya kuliko soksi za mcheza raga. Lakini nyuzi hizo ndizo alizotumia bibi yake, Kelera, kutungia makoja ya maua. Katika kijiji chote cha Nawairuku hapakuwa na mikono iliyojua kutunga koja kama ile.

Mama yake, Losalini, hakuwa akiishi nyumbani. Alikuwa akikunja mashuka katika hoteli kubwa mjini Nadi, akija mara moja kwa mwezi na kuondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Vilimaina alilichukia basi lile. Lilikuwa likimchukulia mama yake hata chai haijapoa.

Kwa hiyo habari za harusi zilipofika kijijini, hakuna aliyezipokea kwa furaha kama yeye. Bwana na bibi harusi walikuwa wanatoka Brisbane, ng'ambo ya bahari, pamoja na ndugu zao wote, kuja kuoana katika hoteli ya ufukweni iliyo kwenye rasi. Bi Shalini, msimamizi wa harusi wa hoteli hiyo, alikuwa ameshachagua wapishi wa kuoka nguruwe na majimbi katika tanuri la ardhini. Waimbaji wa kanisani nao alikuwa ameshawachagua. Walibaki watu wa maua tu, na watakaochaguliwa wangepamba harusi zote za msimu.

"Tukipata kazi hii, mikono yangu peke yake haitatosha," Bibi Kelera alisema. "Nitamwita mama yako arudi tutunge pamoja."

"Arudi kabisa?"

"Kabisa. Na mizigo yake yote. Sasa nisikilize. Kesho Bi Shalini ataangalia kazi zetu na za watu wa kijiji cha Korosewa. Alfajiri nenda kwenye mti wetu wa mlangilangi, uchume maua yaliyoiva, yale ya manjano. Usichume leo. Ua la mlangilangi likilala, huwa jeusi."

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia alisikia. Kutii ndiko kulikomshinda. Jioni ile aliona heri achume mapema ili apate kulala vizuri. Alijaza kikapu, akakifunika kwa kitambaa na kukisukuma chini ya kitanda. Alfajiri alipofunua kitambaa, aliyakuta maua yamenyauka na kuwa meusi kama maganda ya ndizi. Mti wao ulikuwa mdogo, na juu yake yalibaki machanga tu, mabichi yasiyo na harufu.

Vilimaina alichanganyikiwa. Kisha akaukumbuka mlangilangi wa Mama Taraivini, ng'ambo ya kijito, katika kijiji cha Korosewa.

Watu wa Nawairuku na watu wa Korosewa ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kuingia kwako, akakamata kuku wako mbele ya macho yako, na akakuambia miguu yako ni kama ya bata, nawe ukacheka. Kesho utakwenda kwake ubebe sufuria. Watoto wa vijiji hivyo hujua kutaniana kabla hawajajua kusali.

"Ni watani wetu," Vilimaina alijiambia akivuka kijito. "Mtani haibi."

Lakini kama haikuwa wizi, kwa nini alikuwa akinyata? Alipanda mti akiwa ameshikilia pumzi, akachuma kila ua la manjano alilolifikia, kisha akatimua mbio.

"Kumbe mti wetu umechanua hivi!" Bibi Kelera alishangilia alipoona kikapu. "Mungu ametukumbuka!"

Vilimaina alikimbilia nje kuleta nyuzi.

Katika baraza ya hoteli, Bi Shalini alikuwa amepanga meza mbili. Mama Taraivini, kiongozi wa kikundi cha Korosewa, alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alipomwona tu Bibi Kelera akaanza.

"Nyinyi wa Nawairuku, leo mmeoga? Mbona nimesikia kijito kinalia?"

"Tumeoga," Bibi Kelera akajibu. "Tukawaachia maji yetu machafu, si ndiyo mliyoyazoea?"

Watu waliangua kicheko. Lakini Vilimaina aliona kwamba kicheko cha Mama Taraivini leo kilikatika upesi. Makoja yaliyokuwa mezani kwake yalikuwa na majani mengi na maua machache.

Akosita, mjukuu wake, alikuwa akikaa dawati moja na Vilimaina shuleni. Alimsogelea na kumnong'oneza, "Mti wetu umepukutishwa wote. Bibi anasema ni popo. Ameulea mti ule tangu sijazaliwa. Leo asubuhi alikaa chini yake, akanyamaza kimya. Bibi yangu mimi, anyamaze! Umewahi kuona?"

Vilimaina aliinamisha kichwa.

Bi Shalini alipita meza hadi meza. Alivuta nyuzi kuona kama zitakatika, akageuza kila koja nyuma na mbele. Alipoinua la Bibi Kelera, harufu ya mlangilangi ilijaa baraza nzima.

"Hapa sina la kuongeza," alisema. "Bibi, niambie jambo moja tu. Maua haya ni ya miti yenu wenyewe? Harusi zitafuatana. Sitaki niaibike mbele ya wageni."

"Ni ya mti wetu, mwanangu," Bibi Kelera alijibu kwa fahari. "Mjukuu wangu ndiye aliyeyachuma leo."

Vilimaina alimtazama bibi yake. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia akisema uongo, na sasa ameusema mbele za watu bila kujua, kwa sababu yake. Alijua akifungua mdomo, basi la asubuhi litaendelea kumchukua mama yake. Hata hivyo aliufungua.

"Siyo ya mti wetu!"

Kila mtu akageuka.

"Nilichuma jana, Bibi, yakawa meusi. Leo alfajiri nikaenda Korosewa. Siyo popo, Mama Taraivini. Ni mimi."

Bibi Kelera alilichukua koja mikononi mwa Bi Shalini, akalirudisha mezani polepole. Hilo lilimuumiza Vilimaina kuliko kofi.

Mama Taraivini alimjia mzimamzima. "Wewe mtoto! Ningekukuta mchana uko juu ya mti wangu, ningekutukana wewe na ukoo wako wote, halafu nikushikie kikapu uchume vizuri! Kwa nini umekuja kama panya?"

"Niliogopa," Vilimaina alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe, Mama."

Mama Taraivini alimfuta machozi kwa ncha ya nguo yake. Kisha akageuka, akamshika Bibi Kelera mkono na kumvuta hadi kwenye meza yake.

"Haya! Watani wamechukua maua yangu, na mimi nachukua changu. Namchukua ajuza huyu! Kuanzia leo ni mali ya Korosewa. Mimi nitachuma, yeye atatunga!"

"Utaniweza?" Bibi Kelera aliuliza, na uso wake ukaanza kuchanua. "Nakula sana mimi."

"Utakula mihogo. Nyama ni ya watu wazuri!"

Safari hii kicheko cha Mama Taraivini kilisikika mpaka jikoni. Bi Shalini naye alicheka huku akifuta macho.

"Mmenitatulia shida yangu," alisema. "Korosewa wana miti, lakini makoja yao huachia yakishikwa. Nawairuku wanajua kutunga, lakini kumbe hawana maua. Nawachukua wote, kikundi kimoja." Akamgeukia Vilimaina. "Na wewe umenifundisha kitu. Makoja mazuri nimeyaona mengi. Mtu wa kuniambia ukweli kabla harusi haijaharibika, huyo ni wa kutafuta kwa tochi."

Vilimaina hakuachwa hivihivi. Bibi Kelera alimpa adhabu ya kugeuza magome ya vijiji vyote viwili mpaka mwisho wa muhula. Aliyageuza, pua ameibana, bila kunung'unika.

Siku moja kabla ya harusi, basi lilisimama njiapanda. Losalini alishuka na begi, na sanduku, na mkeka wake, na hata ndoo yake ya kufulia. Vilimaina alimrukia kwa nguvu mpaka ndoo ikabingirika barabarani. Basi likaondoka, na safari hii hakulichukia hata kidogo.

Kesho yake jua lilipochomoza, wote watatu walishika njia ya kwenda Korosewa na vikapu vyao. Losalini alikuwa ameshasimuliwa yote. Walipofika kwenye kijito, Bibi Kelera alisimama.

"Mjukuu wangu, utani hupita mlango wa mbele na kubisha hodi kwa kelele. Kinachonyata uani ni wizi, hata ukikipa jina zuri namna gani. Na kazi ya alfajiri haifanywi jioni. Ungenisikia, usingekuwa na la kuficha. Lakini ulipokosea, ulisema mwenyewe. Ndiyo maana leo tunavuka kijito hiki kichwa juu."

"Ndiyo, Bibi."

Vilimaina alitangulia kuvuka. Akasimama katikati ya uwanja wa Korosewa, akajaza mapafu hewa na kupiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Mama Taraivini! Amka! Nimekuja kukuibia maua yako!"

Dirisha likafunguka.

"Iba, mwenye miguu ya bata!" Mama Taraivini akaitikia. "Iba yote, na tawi la juu usiliache! Bibi harusi anasubiri!"