Kichanja cha Shufaa

Kila siku akirudi shule, Shufaa alibadili sare, akala kilichopo, kisha akaenda uani kumshikia baba yake vyuma. Mapinga nzima ilimjua Bwanausi, fundi wa kuchomelea mageti. Siku hizi ilimjua na binti yake pia, maana msichana wa darasa la sita anayepiga chuma msasa mpaka king'ae, hasahauliki upesi.

Safari hii kazi ilikuwa ya nyumbani. Mama yake, Mwanvita, muuza juisi ya ukwaju, alikuwa amenunua tela kuukuu la kuvutwa na gari, ili akauzie magulioni. Ndani aliweka friji, na juu zilitakiwa paneli za sola za kuiendesha. Ili paneli zikae imara, ilibidi kwanza kifungwe kichanja cha chuma juu ya paa. Baba alikichomelea kichanja, akatoboa matundu, na kazi ya kukaza bolti akamwachia Shufaa.

"Mkono wa kike huo! Nati zitalegea kabla hamjafika Kiwangwa," binamu yake Masoud alimtania.

"Utaona!" Shufaa akajibu. Akavisha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akakaza kwa hasira mpaka chuma kikalia. Paneli zikafungwa, tela likapakwa rangi ya buluu. Lilipendeza, acheni tu! Majirani wakaja kutazama. "Mashaallah, mtoto wa kike fundi!" wakasema, na Mama akatembea kichwa juu mtaa mzima.

Siku ya gulio la Lugoba ikafika. Asubuhi na mapema Mama alikaanga kaimati, akatia ubani chetezoni, akamwita Ustadhi Issa wa madrasa aje kusoma dua. Hapa kwetu chombo kipya hakitoki bila dua. Wote walikuwa na haraka, kwani gulioni anayechelewa hupangwa nyuma kule vyooni, na nani atanunua juisi vyooni?

Shufaa alipanda ngazi kupangusa vumbi la paneli. Alipoegemea kichanja, pembe ya nyuma ikainuka kidogo. Akaigusa nati kwa vidole. Ikazunguka. Akaizungusha tena, ikazunguka bure bila kushika. Siku ile ya hasira alikuwa ameikaza kupita kiasi, meno ya bolti yakalika.

Chini watu walikuwa wameshainua mikono. Masoud yupo, majirani wapo, Mama anatabasamu. Shufaa akisema, sifa zote zitageuka kicheko, na Mama atakosa nafasi nzuri. Asiposema, upepo wa malori barabarani utaingia chini ya paneli, uing'oe, imwangukie sijui nani. Loo, mtihani gani huu!

"Amin!" watu wakaitikia.

"Baba, tusiondoke!" Shufaa akasema kwa sauti. "Bolti ya nyuma imeharibika. Niliiharibu mimi."

Masoud akaanza kucheka. Mama akamkata jicho. Kisha Mama mwenyewe akatazama barabarani. "Mwanangu, si tumeshaomba dua? Mungu atatulinda. Twendeni, tutaifunga huko huko."

Ustadhi Issa akaweka chini kikombe chake cha chai. "Mama Shufaa, dua tumeomba sote, lakini nati hukazwa na aliyeshika spana. Mpe mtoto nafasi."

Baba akaleta bolti nene zaidi. Alipotaka kupanda, Shufaa akamzuia. "Niachie, Baba. Kazi ni yangu." Akaikata ile mbovu kwa msumeno, Baba akapanua tundu, naye akaipachika mpya. Akakaza taratibu, bila bomba, na ilipokwisha kushika akaacha. Kisha akazikagua nyingine zote, moja moja. Masoud ndiye aliyemshikia ngazi.

Walifika Lugoba jua limeshapanda, na kweli wakapangwa vyooni. Mama aliguna sana. Lakini kichanja hakikuwa kimetikisika hata kidogo, friji ilikuwa inanguruma, na jua la adhuhuri lilipowaka watu waliifuata juisi baridi huko huko nyuma. Bwana mmoja muuza soda, mwenye tela lake, akaja akakishika kichanja kwa mikono miwili na kukitikisa.

"Fundi gani kakufungia hiki?" akauliza.

"Huyu hapa!" Mama akamvuta Shufaa mbele. "Tena huyu akikosea, husema mwenyewe. Umewahi kumpata fundi wa namna hiyo?"

Shufaa aliona haya, lakini furaha ilimjaa kifuani. Baba akamshika bega.

"Nguvu za kukaza kila fundi anazo, mwanangu," akasema. "Leo umefanya lililo gumu, umesema kweli wakati watu wanakusifu. Ukiona kasoro katika kazi yako, iseme wewe kabla barabara haijaisema. Mtu wa hivyo, watu humkabidhi hata roho zao."

Yule muuza soda akatikisa kichwa kukubali. "Basi na langu mje mlifunge," akasema. "Lakini bolti akaze huyo huyo."