Kiputo Kwenye Kioo cha Mbele

"Shauri la Kiputo cha Hewa Kisichozidi Ukubwa wa Punje ya Ufuta katika Kioo cha Mbele cha Gari la Ofisi ya Wilaya, Idara ya Mifereji." Ndivyo lilivyosajiliwa. Bwana Kuan, msimamizi wa magari, aliligonga muhuri mara mbili, na tangu hapo hakuna mtumishi aliyethubutu kuliita kwa jina fupi.

Kiputo chenyewe kilizaliwa mchana katika mji wa bandari wa Keelung, ambako mvua hainyeshi bali hukaa. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, mwezi ambao wafu hutoka matembezini na walio hai huwaita "ndugu wema," maana hawapendi kuitwa kwa jina lao. Kila duka lilikuwa limewatandikia meza nje: bata, biskuti, bia za kopo, na udi ukifuka chini ya turubai.

Lai Wan-chu alikuwa fundi wa kuziba vioo vya magari. Jiwe likipiga kioo, yeye huegesha pampu yake ndogo juu ya kidonda, huvuta hewa iliyomo, husukuma gundi, huvuta tena, husukuma tena, mpaka isibaki hata pumzi ya sisimizi. Ndipo humulika taa ya zambarau, inayoigandisha gundi. Gundi ikishaganda imeganda; haisikii dua wala rufaa. Kwa hiyo alikuwa na mwiko mmoja: taa haiwashwi kiputo kikiwamo.

Gari la siku hiyo lililetwa na dereva wake, Ting-yao, ambaye pia alikuwa mumewe.

"Kijiwe tu, fundi," alisema. "Pale kona ya baharini."

Wan-chu alishusha sauti. "Kona ya yule kijana wa pikipiki?"

Kijana huyo alifia pale mwanzoni mwa mwaka. Na pale kwao kila mtu anajua kwamba afaye barabarani hana ruhusa ya kuondoka mpaka apate wa kushika nafasi yake.

"Kulikuwa na mtu amesimama mvuani, ana helmeti," Ting-yao alisema. "Nikamwonea huruma. Nikashusha kioo, nikamwambia apande."

"Akapanda?"

"Nilipotazama vizuri hapakuwa na mtu. Halafu jiwe likapiga." Alijaribu kucheka. "Sasa mke wangu, mtu analaumiwa kwa kuwa na adabu?"

"Mwezi wa saba, mzee, adabu ni kufunga mdomo. Haya, ingia, unishikie kioo cha kujitazamia nyuma ya kidonda, nione ninachofanya."

Aliingia, akakaa nyuma ya usukani. Wan-chu akavuta hewa. Kiputo kilitikisika, kikagoma. Akasukuma gundi, akavuta tena. Ikaja harufu ya nywele zilizolowa siku nyingi, imechanganyika na petroli. Fundi huyu alijua tabia za viputo: hupanda juu, kama kila chenye hewa. Hiki kilianza kwenda pembeni, taratibu, kuelekea upande wa dereva.

"Wan-chu," Ting-yao alinong'ona, "nani anagonga?"

"Hakuna anayegonga."

"Ndani ya kioo. Kama kucha kwenye helmeti."

Vitasa vya milango vikajifunga, vyote kwa pamoja, kwa mlio mmoja mdogo. Wan-chu akazidi kuvuta, ndipo akaona mumewe akishika kifua. Akalegeza pampu, na mumewe akavuta pumzi. Wan-chu akavuta tena kwa pampu, maana mkono ulikuwa haujaamini kile ambacho jicho lilikwisha kukiona, na midomo ya Ting-yao ikageuka rangi ya majivu, kwa sababu hewa iliyokuwa ikitoka kwenye kidonda cha kioo ilikuwa ikitoka kwenye mapafu yake, na vioo vyote vya gari vikaingia ukungu kwa ndani kana kwamba wamo watu wawili wanaopumua humo na hewa inamtosha mmoja, na Wan-chu akapiga mlango kwa spana, akapiga dirisha, spana ikadunda kama imepiga godoro, na katikati ya ukungu ule akasikia sauti ya mumewe, ile ile ya miaka yote, ikisema polepole:

"Washa taa, mke wangu. Washa. Nakufa."

"Kiputo kimo bado."

"Kigandishe hapo hapo. Kikiganda hakinifikii. Washa."

Aliwasha taa.

Kidogo kidogo ukungu ukapungua. Vitasa vikafunguka. Mwanamume akashuka, nguo zikimdondoka maji, akamwinamia Wan-chu kwa heshima, kama kijana anavyomwinamia mtu wa makamo.

"Asante, shangazi," alisema kwa sauti ya Ting-yao. "Nilichoka kusimama."

Bwana Kuan hakukubali kiputo katika mali ya umma. Alimwita mtaalamu wa hekalu, akamlipa kutoka fungu la "matengenezo mengineyo." Mzee yule alizunguka gari na udi wake, akanusa, akatamka kwamba aliyekuwa akisafiri nalo ameshashuka. Jambo hilo liliandikwa kuwa mafanikio. Kioo kikaondolewa, kikaamriwa kivunjwe, na Wan-chu akatia sahihi kwamba amekivunja.

Hakukivunja. Amekiegesha sebuleni, amekifunika blanketi, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Ukiweka sikio utasikia kugonga, hafifu, kwa mpangilio wa mtu anayejua jina la mkewe. Kukitoboa ni kukipasua. Kuvuta hewa ni kumuua.

Taarifa ya wilaya inasema dereva alipata mshtuko mdogo, akapona, akaacha kazi na kununua pikipiki. Kilichotokea ni kwamba Lai Wan-chu alimfungia mumewe ndani ya kioo, kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ile hakuna fundi wa kuitengua.