Kafedha Hakumwona Mzee Gona

— Ruwa, mwanamke huyo humwoi! Labda nife kwanza!

Kafedha aliganda nje ya mlango wa jikoni kwa kina Ruwa, mtaani Mishomoroni. Sauti ya mama mkwe mtarajiwa ilimchoma hadi kwenye mifupa.

— Kafanya nini, mama?

— Kampita ami yako Gona mlangoni pa kanisa, bega kwa bega! Hata shikamoo! Mzee aliyepeleka posa kwao! Na juzi kanipita mimi sokoni kama nguzo ya stima.

Kafedha aliingia machozi yakimtiririka.

— Mama, haki ya Mungu sikuwaona.

— Humwoni mzee Gona na kitambi chote kile?

Ruwa hakucheka. Alisimama mbele ya mchumba wake, akanyoosha mikono yote miwili pembeni.

— Nitazame puani. Usigeuke. Vidole vyangu vinafanya nini?

— Vidole gani?

Mama Ruwa akauacha mwiko ndani ya sufuria.

Hospitalini, daktari aliwaonyesha picha ya kichwa.

— Uvimbe huu unaitwa kraniofarinjioma. Si saratani, ila umekaa pabaya, jirani na pituitari, tezi ndogo inayoamuru homoni za mwili. Umebana mishipa ya macho, ndiyo maana pembeni huoni. Maumivu ya kichwa, kiu isiyoisha, hedhi kukatika, vyote ulivyonieleza vinatoka hapo.

— Unatibika? Ruwa aliuliza.

— Tutautoa kwa kupitia puani. Kikibaki kipande, tutatumia mionzi. Atahitaji vidonge vya homoni, huenda maisha yake yote. Kuzaa kunawezekana kwa matibabu, lakini siwezi kuahidi.

Asubuhi ya upasuaji, Kafedha alimtumia Ruwa ujumbe: “Mwambie ami Gona avunje posa. Tafuta mwenye mwili mzima. Nakuachilia kwa sababu nakupenda.”

Jibu likaingia papo hapo: “Nimesoma. Nimekataa. Nenda ukapone, tuje tugombane vizuri.”

Kafedha akaingia chumba cha upasuaji akicheka na kulia.

Uvimbe ulitoka. Macho yakafunguka pole pole, wiki baada ya wiki. Vidonge akavizoea kama chai ya asubuhi.

Ndipo wazee wakakutana kwao Kafedha, kibuyu cha mnazi, pombe waliyoileta wakwe, kikiwekwa katikati. Kwa desturi, kukinywa ni kuikubali posa, na bila idhini ya binti hakinywewi.

— Mwanangu, baba yake aliuliza, wageni hawa tunywe mnazi wao, au tuwarudishie?

Kafedha aliwatazama wageni.

— Baba, kwanza wasikie wote. Nitameza dawa huenda mpaka uzeeni. Na mtoto huenda nisipate.

Mzee Gona akakohoa. Mama Ruwa akainuka, akajifunga leso kiunoni.

— Mimi nilikuvunjia heshima nikidhani u mgonjwa wa adabu. Nisamehe, mwanangu. Leo nimekuja kuchukua binti, sikuja kuchukua kizazi. Mungu akitupa wajukuu, tutashukuru. Asipotupa, nina wewe. Haya, jibu wazee, koo zimewakauka!

Ruwa alimtazama mchumba wake.

Kafedha akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

— Kunyweni!

Vigelegele vikapasuka.