Kahawa Niliyomsingizia Wifi Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Suji, milimani Upare, na kazi yangu ni kuuza kahawa stesheni ya Same. Treni haikai sana. Abiria hunyoosha mikono madirishani, nami napita mbio na birika, vikombe na maandazi. Wananisifu kwa kahawa yangu ya tangawizi... Laiti wangejua!

Kwetu tunalima kahawa, lakini hatuinywi. Kanisa letu limeikataza, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Nilipoanza kazi hii nikiwa na miaka kumi na tisa, niliwaambia wazazi kwamba nauza maandazi tu. Uongo! Utapikaje kahawa bila kuionja? Kuonja kukawa kunywa, na kuacha kukanishinda. Kila nilipopanda kwenda nyumbani nilificha kahawa iliyotwangwa kwenye dari la jikoni.

Siku moja mama akaiona.

Jiko lile tulilitumia na wifi yangu Nakundwa, mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa vitani Burma na jeshi la Waingereza, amemwacha na mtoto wa kunyonya. Wifi alitoka Bendera, huko tambarare ambako watu hunywa kahawa bila wasiwasi. Baba alipouliza ni ya nani, nikamtazama wifi... nikasema, "Ya huyu."

Alilia, akaapa kwamba hajawahi hata kuionja. Nani angemsikiliza? Baba alisema aliyeficha kitu hicho anaweza kuficha na makubwa. Wifi akarudishwa kwao, mtoto mgongoni, na mimi ndiye niliyembebea mzigo mpaka njia panda! Nilishindwa hata kumuaga.

Kaka aliporudi aliniita pembeni, akaniuliza kama ni kweli. Neno langu moja lingeiokoa ndoa yake. Nikaogopa, nikajibu kwamba ni kweli kabisa. Hakwenda kumchukua. Akaoa mwingine.

Mwaka jana treni ya kutoka Tanga ilisimama, na dirishani nikamwona Nakundwa! Amekonda. Kando yake ameketi binti mwenye macho ya kaka yangu. Birika langu likagonga behewa.

"Wifi," aliniambia kwa upole, "nitilie kikombe. Nami niionje hiyo iliyonivunjia nyumba."

Akanywa funda moja, akakunja uso, akanirudishia.

"Kumbe ni hii tu?"

Binti akamuuliza mimi ni nani.

"Muuza kahawa," alimjibu mwanawe. Treni ikaondoka. Mimi, shangazi yake!

Wiki ileile nilipanda Suji nikawaeleza baba na kaka kila kitu. Baba hasemi nami tena. Kaka aliinamisha kichwa tu... ana mke na watoto wengine, atarudi vipi nyuma?

Wasomaji wenzangu, nawasihi, hasa ninyi mawifi! Kosa lako likigunduliwa, likubali siku hiyohiyo, usimtwike mgeni wa nyumba. Mimi ningekemewa kanisani, ningetubu, yangeisha. Leo nina mtoto wa kaka yangu asiyejua hata jina langu.