Harambee ya Kalunde Inangoja Barua

Kavata alikuwa nje ya jikoni, kwao Malili, akimenya mbaazi. Mume wake Mutunga alikuwa akiandika majina kwenye kadi za harambee, za kuwaalika watu wachangie karo. Binti yao Kalunde alikuwa amepata B kidato cha nne. Vyuo vikuu vya serikali vilijaa, havikumchukua. Lakini chuo kimoja cha kibinafsi kilikuwa kimemwita, kwa barua yenye muhuri, stempu nyekundu kubwa. Pasta alishatangaza harambee: Jumapili ijayo.

Jirani yao Nthenya, karani katika ofisi ya elimu mjini Wote, alipita akitoka kazini. Kavata akampa kiti, kisha akampa ile barua.

Nthenya akaisoma mara mbili. "Hii chuo imeruhusiwa na nani?"

"Si unaona stempu?" Mutunga akasema.

"Baba Kalunde, stempu hata mimi naweza kuchonga na kiazi."

"Na uandike nini? Chuo Kikuu cha Nthenya?"

"Na ungeniletea mtoto."

Kavata akacheka peke yake.

"Sikizeni," Nthenya akasema. "Serikali haiwezi kujengea watoto wote vyuo. Kwa mipango yake imekubali makanisa na watu binafsi wafungue zao. Hiyo ni sawa. Lakini kila moja lazima ipewe barua ya ruhusa na Tume ya Elimu ya Juu. Bila hiyo, digrii yake ni ya kufungia nyama."

"Tutauliza baada ya harambee," Mutunga akasema. " Pasta ametangaza. Nitaonekana aje?"

Kavata akaweka ungo chini. Alijua desturi ya hapo: mtoto huchangiwa chuo mara moja tu. Ukimpeleka pabaya, umempoteza na michango ya watu umeipoteza.

"Watu watauza mbuzi juu ya Kalunde," akasema. "Hawatauza tena. Heri aibu ya Jumapili moja."

 Jumapili Mutunga alisimama kanisani, akasema harambee imesogezwa mbele mpaka wajue kama chuo kina barua ya Tume. Minong'ono ikaanza. Mzee Mbuvi akauliza, "Na kuku niliyewatengea, sasa nimle mwenyewe?"

"Mlishe kwanza," Mutunga akasema.

Kesho yake Kalunde alienda Nairobi, kwa Tume. Wakamwonyesha orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa. Kile chuo hakikuwemo. Chuo kimoja cha kanisa kilikuwemo, na kilichukua wanafunzi wa B. Akaomba nafasi huko. Baada ya wiki tano alipata jibu: aje.

Harambee ikafanyika. Kuku wa Mbuvi alipigwa mnada mara nne, na kila aliyemshinda alimrudisha auzwe tena. Kalunde akasoma miaka minne. Siku hizi anafundisha hesabu Kibwezi.

Na Mutunga? Kukitangazwa harambee ya chuo, husimama katikati ya kanisa na kuuliza, "Barua ya Tume iko wapi?" Wengine humwona mkorofi. Lakini hakuna anayechapisha kadi kabla ya kumjibu.