Historia Yenye Ndevu

Nani huyo aliyepita mlangoni kwako, ukamwona kwa macho yako mwenyewe, na sasa hata umwite kwa baragumu hageuki? Ni jana. Jana hairudi. Lakini wapo watu wanaoikimbilia, wakaishika upindo wa nguo, wakaiuliza habari. Kinyozi mmoja alikuwa mtu wa namna hiyo.

Watu walimwita Maulizo, maana mdomo wake haukuchoka kuuliza. Kila asubuhi alifungua duka lake, akafagia nywele za jana, akachemsha maji na kufuta kioo kwa gazeti kuukuu. Mteja akikaa kitini tu, alimfunga kitambaa shingoni na kuanza: "Mzee, zamani barabara hii ilikuwa ya mawe, sivyo?"

Mchana wateja walipopungua, alikaa kwenye benchi na simu yake, akaandika kwenye blogu. Blogu ni kama ubao wa matangazo, ila umetundikwa mtandaoni badala ya ukutani. Mwenye blogu huandika. Mwenye simu, popote alipo, husoma na kujibu. Blogu ya Maulizo iliitwa *Jana ya Mtaa Wetu*. Aliandika habari za kisima kilichofukiwa, za taa ya kwanza ya barabarani, na za timu ya mpira iliyocheza peku. Watu waliohamia mbali walimjibu: "Umenirudisha nyumbani." Maulizo akisoma hayo alicheka peke yake, kama mtu aliyetekenywa.

Siku moja aliandika kuhusu tanuri la mkate. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo la zamani, ambalo sasa ni duka la magodoro. Kila mtu alijua kuwa zamani mkate uliokwa humo. Juu ya mlango palichongwa jina la mwenye jengo, bwana mmoja ambaye wazee walimwita Masharubu. Maulizo alilisoma jina lile, akawauliza wateja wake, wote wakakubali. Basi akaandika: "Masharubu ndiye aliyeanzisha tanuri la mtaa wetu. Aliwasha moto kwa mikono yake mwenyewe."

Habari hiyo ilisomwa sana. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kunyolewa, akasema, "Tunataka kuchora historia ya mtaa kwenye ukuta wa shule unaotazama barabara. Tutaanza na Masharubu wako na tanuri lake. Mchoraji anaanza Jumamosi."

Jioni ile Maulizo alicheza jikoni na kijiko mkononi. "Taratibu," alisema mkewe, Mama Pacha. "Utamwaga mchuzi kabla ya kuingia kwenye historia."

Lakini keshokutwa yake Mama Pacha aliingia na suruali begani. "Shangazi amerudisha suruali yako."

Shangazi alikuwa fundi cherehani, jirani yao. Hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa shangazi wa mtaa mzima.

"Ameshaipunguza?" Maulizo aliuliza.

"Hata sindano haijaigusa. Amesema umpelekee Masharubu akushonee."

"Nimemkosea nini?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize. Si ndiyo kazi yako, kuuliza?"

Ulimi wa Shangazi ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Akaona heri avae suruali ndefu.

Ijumaa asubuhi mvua ilinyesha. Dada yake Mama Pacha, ambaye ni mkutubi, yaani mtunza vitabu wa maktaba, alikimbilia dukani kujikinga.

"Shemeji, leo umekuja kunyoa?" Maulizo alimtania.

"Nimekuja kukunyoa wewe. Kichwa chako kimeota maneno."

Kitini alikuwa amekaa mzee mmoja, povu limempanda mpaka puani. Maulizo alimwekea wembe chini ya kidevu. "Babu, lile tanuri lilianzishwa na Masharubu, sivyo?"

"Mmh," alijibu babu.

"Na mkate alioka mwenyewe?"

"Mmh."

Maulizo akageuka kwa maringo. "Umesikia, shemeji? Wazee wote wanasema hivyo hivyo."

Shemeji alikuwa ameziba mdomo, mabega yanatikisika. "Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nikisema husema, nikinyamaza hunyamaza, na tangu azaliwe hajaona kitu."

Maulizo alifikiri. "Kasuku."

"Kasuku ana macho."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua soko zima, pamoja na vibanda vyake."

"Nimelichukua. Jibu ni mwangwi. Sasa weka wembe chini. Babu, samahani, hebu futa povu. Wewe mwenyewe unakumbuka nini kuhusu tanuri lile?"

Babu akajifuta, akakaa vizuri. "Masharubu? Yule hata maji yalimshinda kuchemsha. Jengo ndilo lilikuwa lake. Mkate ulikuwa wa mama yake Shangazi."

"Mbona umeniitikia mmh?" Maulizo aliuliza.

"Mwanangu, wembe ulikuwa kooni. Hata ungesema jua linachomoza magharibi, ningeitikia."

Waliokaa kwenye benchi walicheka mpaka wakashikana. Maulizo hakucheka. Masikio yalimwaka moto. "Kesho mchoraji anaanza," alisema polepole. "Mama yake Shangazi atafutika, na nitakuwa mimi niliyemfuta."

Shemeji akaacha kucheka. "Bado leo ipo. Sikiliza. Maswali yako yanabeba majibu mgongoni. Muulize mtu anakumbuka nini, halafu ufunge mdomo. Jambo jingine. Kwenye kiti hiki hukaa akina nani?"

"Wateja."

"Wenye nini?"

"Wenye ndevu."

"Ndiyo maana historia yako nayo ina ndevu. Haina mama, haina bibi, haina shangazi. Nusu ya mtaa hujaiuliza."

Maulizo alimaliza ndevu za babu, akafunga duka. Yeye na Shemeji wakavuka barabara chini ya mwavuli mmoja.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani, pini zimebanwa midomoni. Hakuinua macho. "Suruali nilisharudisha."

"Sikuja kwa suruali, Shangazi. Nimekuja kukuomba unisimulie habari za mama yako. Mimi nitanyamaza."

"Wewe?" Shangazi alimtazama sasa. "Unyamaze?"

Maulizo akaibana midomo yake kwa vidole viwili. Shangazi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, pini zikamwagika sakafuni.

Akasimulia. Mama yake alikuwa mjane. Alikanda unga kabla jogoo hajawika. Kila mkate aliubonyeza kwa kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mafundi huvaa kidoleni wasichomwe na sindano. Ilibaki alama ya duara, na kwa duara hiyo watu waliujua mkate wake. Masharubu alimpa jengo wakati wengine walikataa kumpangisha mjane.

"Na hilo uliandike," alisema Shangazi. "Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuoka. Na mkate wa mama ndio ulikuwa wa kwanza katika mji huu."

"Shangazi, nakuamini," alisema Shemeji. "Lakini wewe ni mwanawe. Mtoto humwona mama yake mrefu kuliko mnara. Tuyatazame na magazeti ya zamani pale maktaba."

Maulizo alidhani sasa atafukuzwa. Shangazi alizima cherehani. "Twende. Nikaone magazeti yenyewe yalisema nini."

Maktaba ilinuka karatasi za kale. Magazeti yalikuwa yamejalidiwa kama vitabu vikubwa. Walifunua kurasa pole pole, mikono mikavu, wasizichane. Hatimaye Shemeji akaweka kidole kwenye tangazo dogo: mikate ya duara, mtaa wao, na jina la mama yake Shangazi limeandikwa kamili. Shangazi aliligusa kwa ncha ya kidole.

Kisha macho yake yakahamia upande wa pili wa ukurasa. Palikuwa na tangazo la tanuri jingine, upande mwingine wa mji, lililojisifu kuwa lilianza miaka mingi kabla.

"Kumbe hakuwa wa kwanza mjini," alisema.

"Hakuwa," alikubali Shemeji.

"Alikuwa wa kwanza mtaani." Shangazi alivuta pumzi. "Hilo linanitosha. Na ni kweli."

Waliporudi, Maulizo alitoa simu. "Ngoja niifute ile habari ya zamani, niandike nyingine. Hakuna atakayejua."

"Usiifute kimya kimya," alisema Shemeji. "Walioisoma wataendelea kulibeba kosa na kuwapa wenzao. Sema hapo juu kabisa kwamba ulikosea, na ulikosea wapi."

"Watanicheka."

"Watakucheka leo. Kesho watakuamini."

Maulizo akaandika: "Nilikosea. Tanuri la mtaa wetu lilianzishwa na mama yake Shangazi, si Masharubu. Masharubu alimpa jengo. Nimeambiwa na Shangazi mwenyewe na mteja wangu mmoja, na nimeona tangazo katika gazeti la zamani maktabani. Picha ya tangazo hilo nimeiweka hapa kwa ruhusa ya Shangazi. Sijui tanuri lilizimwa mwaka gani. Anayejua aniambie."

Kidole kilisita juu ya simu. Halafu akabonyeza.

Majibu yakaja kama mvua ya asubuhi ile. Mmoja aliandika: "Leo kinyozi kajinyoa mwenyewe." Mwingine: "Mimi nilitumwa mkate wa duara kila siku, nikaumega pembeni njiani, nikachapwa." Mama mmoja aliyehamia nchi nyingine alieleza mwaka tanuri lilipozimwa, na kwa nini. Hakuna msomaji aliyemkimbia.

Jumamosi alfajiri Maulizo alimwamsha Mwalimu mkuu, wakakimbia mpaka shuleni, Mwalimu akiwa nyuma amevaa ndala. Mchoraji alikuwa amewahi. Tayari ukutani palikuwa na masharubu makubwa ya chaki, yameenea kama mabawa ya tai.

"Simama hapo hapo," alisema Maulizo, akihema. Akaeleza yote.

Mchoraji alitazama kazi yake kwa huzuni. "Masharubu haya nimeyachora kwa mapenzi."

"Mweke mlangoni," alisema Mwalimu mkuu, "ashike ufunguo. Mbele ya tanuri mweke mama."

Kazi ya ukuta iliendelea. Dukani kwa Maulizo nako mambo yaligeuka. Aliweka benchi la pili nje, na juu yake wakaanza kukaa akina mama, mabibi na mashangazi, ambao hawakuwa na ndevu za kunyoa. Mmoja alimweleza nani hasa alichimba kile kisima. Mwingine akambishia, na Maulizo akaandika maneno ya wote wawili, kila moja na mwenyewe. Alipouliza, wembe ulikuwa mezani. Wateja walimwona amenyamaza, wakamuuliza kama anaumwa.

Siku ukuta ulipokamilika, mtaa mzima ulitoka kutazama. Shangazi alikuja mwisho, amevaa gauni alilojishonea. Watu wakampisha. Ukutani mama yake alikuwa ameinama mbele ya tanuri, moto umempaka wekundu mashavuni, na mikate ya duara imepangwa miguuni pake. Juu yake limeandikwa jina lake lote.

Shangazi alitazama, akatazama tena. Maulizo alikuwa na maswali mengi, akayameza yote.

"Mmemnenepesha," alisema Shangazi hatimaye.

Mchoraji aliinua brashi kwa hofu. "Nimpunguze, mama?"

"Thubutu," alisema Shangazi, akifuta macho kwa kiganja huku anacheka. "Maisha yake yote alitamani kunenepa. Kazi tu ilimnyima nafasi."